Jenereta Ilalayo Nayo Yahitaji Matunzo

(Mazungumzo ya fundi mitambo wa Chama Kikuu kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, mwishoni mwa msimu wa kahawa)



Msimu wa kahawa katika nyanda zetu za Kilimanjaro na Meru unafikia ukingoni. Mizani imeanza kupumzika, mashine za kumenyea zimeoshwa, na katika vyama vingi ile jenereta ndogo ya petroli imekwisha kusukumwa pembeni mwa ghala. Hapo itakaa tangu Januari hadi Julai, na masika yote ya Machi hadi Mei yatapita juu ya paa lake. Nimeombwa nizungumze juu ya miezi hiyo ya kulala. Naona ombi hilo limekuja wakati wake, kwa sababu jenereta nyingi zinazoletwa kwetu kutengenezwa hazikuchakaa kwa kazi. Zimeharibika kwa mapumziko yasiyoandaliwa.

Nitaeleza kwanza kwa nini jambo hili lamhusu kila mwanachama, kisha nitaeleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, na mwisho nitasema juu ya daftari, ambalo ni jukumu la Katibu.

Kwa nini jambo hili ni la wanachama wote

Pengine mwanachama atasema kwamba jenereta ni shughuli ya fundi, naye shughuli yake ni kahawa. Lakini matunda mabivu ya kahawa hayangoji fundi. Yakichumwa asubuhi yapasa kumenywa siku ile ile. Yakilala katika magunia hupata joto na kuanza kuchachuka, na kahawa itokayo humo hushuka daraja, hata ikikaushwa baadaye kwa uangalifu wa namna gani. Wakulima huchuma mchana kutwa na kufikisha mizigo yao jioni. Kwa hiyo kazi ya kupokea, kupima na kumenya huendelea baada ya jua kuchwa, na umeme wa kawaida ukikatika saa hizo, jenereta ndiyo huitwa kuwasha taa, kuendesha mizani ya kielektroniki na kusukuma pampu ya maji.

Sasa tufikiri kwamba jioni hiyo jenereta imevutwa kamba mara thelathini na haikuwaka. Mzee aliyetembea na punda kutoka juu mlimani huketi juu ya gunia lake hadi saa nne usiku. Mizani husomwa kwa tochi, na mizani isomwayo gizani huzaa maneno. Karani huonekana mwizi hata kama ni mwaminifu. Baadhi ya matunda hulala bila kumenywa. Mwisho wa msimu, bei ikitangazwa, hakuna atakayeikumbuka jenereta. Watasema tu kwamba chama hakilipi vizuri. Basi hasara iliyoanzia katika tundu dogo la kabureta huishia katika imani ya wanachama, na imani hiyo haiuzwi dukani kama vipuri.

Petroli huharibikaje

Wengi hudhani kwamba petroli ni kama maji ya kisima, yaani ikifungwa itabaki vile vile. Sivyo. Petroli ni mchanganyiko wa mafuta ya aina nyingi, mepesi na mazito. Yale mepesi, ambayo ndiyo husaidia injini baridi kuwaka upesi, huruka kwanza. Yanayobaki hukutana na hewa na polepole hugeuka kuwa utomvu wa rangi ya kahawia unaonata kama gundi. Kazi hiyo huanza katika majuma machache tu, na huenda kwa haraka zaidi mahali penye joto na katika tangi lisilojaa. Ndiyo sababu vitabu vingi vya watengenezaji huagiza kwamba jenereta itakayokaa zaidi ya mwezi mmoja au miwili iondolewe petroli.

Mahali panapoumia kwanza ni kabureta. Chini yake kuna bakuli dogo linaloshika petroli kidogo sana, na ndani yake mna jeti, yaani kijipua cha shaba chenye tundu lisilofika milimita moja. Petroli yote inayochomwa na injini hupitia tundu hilo. Petroli ya bakuli ikikauka, utomvu hubaki humo na kuliziba. Hapo mtu atavuta kamba mpaka bega limuume, na kama injini ikiwaka, itawaka kwa choki tu na kuzima choki ikifunguliwa. Dalili hiyo karibu kila Katibu aliyepo hapa ameiona.

Adui wa pili ni maji. Tangi lenye petroli nusu lina hewa nusu, na hewa hiyo ina unyevu. Usiku wa mlimani ukiwa baridi, unyevu huganda kuwa matone kwenye kuta za tangi. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hushuka chini na kukaa palepale mafuta yanapotokea. Tangi la bati hushika kutu kwa ndani, na chembe za kutu husafiri hadi katika kabureta.

Adui wa tatu ni oili iliyotumika. Oili iliyofanya kazi msimu mzima huwa na masizi, maji na tindikali zitokazo katika kuchomwa kwa mafuta. Injini ikilazwa na oili hiyo, tindikali hizo hukaa miezi sita zikigusa beringi na ukuta wa silinda. Kubadilisha oili mwanzoni mwa msimu ujao ni kuchelewa. Oili mpya yapasa kuwamo injini inapolala.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kazi hii huchukua nusu siku. Vifaa vyake ni oili mpya, spana, bisibisi, kifunguo cha plagi, mpira mwembamba, chombo safi cha kupokelea petroli, chombo kingine cha oili chafu, na vitambaa. Ifanyike nje, mchana, mbali na jiko, sigara na cheche za aina yoyote. Kama kitabu cha mashine kipo, kisomwe kwanza, na kikisema tofauti na maneno yangu, kifuatwe kitabu.

Hatua ya kwanza ni kuisafisha. Futeni vumbi, matope na mafuta kwa kitambaa na brashi. Msimwagie jenereta maji, kwa sababu upande mmoja wake ni mtambo wa umeme, na maji yaingiayo katika koili zake hutoka kwa shida. Kazeni kila nati iliyolegea na tazameni kama mpira wa petroli umepasuka.

Hatua ya pili ni kubadilisha oili. Washeni injini kwa dakika kama tano hivi ili oili ipate joto, kisha izimeni. Oili yenye joto hutiririka upesi na kubeba uchafu pamoja nayo. Jihadharini isiwaunguze mikono. Ikiisha kutoka, rudisheni kizibo na mtie oili mpya ya kiwango kilichoandikwa kitabuni. Katika jenereta ndogo huwa kama lita 0.6, na katika zile kubwa za kubebwa na watu wawili huwa kama lita 1.1. Mashine ikiwa imekaa sawasawa, oili ifike ukingoni mwa alama ya juu. Kuzidisha ni kosa kama kupunguza.

Naongeza neno juu ya oili chafu. Isimwagwe katika mfongo. Maji ya mfongo hunyweshwa ng'ombe na kumwagiliwa mboga huko chini, na lita moja ya oili huharibu maji mengi. Itiwe katika dumu lenye kifuniko, iandikwe jina, na ipelekwe gereji inayokusanya oili chafu.

Hatua ya tatu ni kungoja. Injini na bomba la moshi vipoe kabisa kabla ya kugusa petroli. Tone moja la petroli likiangukia bomba la moshi lenye moto laweza kuteketeza jenereta pamoja na aliyeishika. Nusu saa au zaidi ya kungoja haimpotezei mtu kitu.

Hatua ya nne ni kutoa petroli ya tangi. Fungeni koki, ondoeni mpira unaoelekea kwenye kabureta, uelekezeni katika chombo safi, kisha fungueni koki na kuacha petroli itoke. Ikihitajika kunyonya kwa mpira, itumiwe pampu ndogo ya mkono. Mtu asinyonye kwa mdomo. Petroli ikimezwa na kuingia mapafuni huua, na desturi hiyo tuliyoizoea barabarani haistahili kuonekana katika chama cha ushirika. Petroli iliyotoka ipimwe kwa lita, iandikwe, na itumike upesi katika pikipiki ya chama. Isifungiwe ghalani kungoja msimu.

Hatua ya tano ni kuchoma mabaki. Rudisheni mpira, ondoeni chombo cha petroli mahali hapo, kisha washeni injini, nayo iachwe ifanye kazi hadi izime yenyewe kwa kukosa mafuta. Hapo wengi hudhani kazi imekwisha. Lakini chini ya bakuli la kabureta hubaki kiasi ambacho injini haiwezi kukivuta, nacho hicho ndicho kitakachokauka na kuziba jeti. Kwa hiyo, injini ikiisha kupoa tena, fungueni ile skrubu ndogo iliyo chini ya bakuli, mkinge matone ya mwisho, kisha mwifunge. Ndugu Makatibu, kama mtasahau yote niliyosema leo, kumbukeni skrubu hiyo.

Hatua ya sita ni kulinda silinda. Zimeni swichi. Toeni plagi, mtie katika tundu lake kijiko kimoja cha oili safi ya injini, kisha funikeni tundu kwa kitambaa na kuvuta kamba polepole mara nne au tano. Oili hiyo hupaka ukuta wa silinda na ringi za pistoni, na kuzuia kutu. Itazameni plagi: ikiwa imeliwa au imejaa masizi magumu, inunuliwe mpya, ikiwa nzima, isafishwe, na mwanya wake upimwe. Katika injini nyingi za namna hii mwanya huo huwa milimita 0.7 hadi 0.8. Irudisheni na kuikaza kwa kiasi.

Mwisho wa hatua hii, vuteni kamba taratibu hadi mkono usikie uzito wa mgandamizo, kisha mwiachie hapo. Katika hali hiyo valvu zote mbili huwa zimefunga, na hewa yenye unyevu haipati njia ya kuingia katika silinda kwa miezi yote ya masika. Ni jambo la nusu dakika, nalo halina gharama.

Hatua ya saba ni chujio la hewa. Likiwa la sponji, lioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, likauke kivulini, lichovywe katika oili safi na kukamuliwa. Likiwa la karatasi, likung'utwe taratibu. Likiwa jeusi, libadilishwe. Lisioshwe kwa petroli.

Hatua ya nane ni betri, kwa jenereta zenye stata ya umeme. Waya wa alama ya kutoa ufunguliwe kwanza, kisha wa alama ya kujumlisha. Betri ijazwe chaji kabla ya kuwekwa, kwa sababu betri iliyolazwa tupu huota ukoko mweupe juu ya sahani zake za risasi na haipokei tena chaji vizuri. Ikae mahali pakavu, na kila mwezi ipimwe: betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu volti 12.6, na ikishuka chini ya 12.4 ichajiwe.

Jenereta ya dizeli haifuati mlango huu

Vyama vichache vina jenereta za dizeli, na nimeona watu wakizitendea kama za petroli. Hilo ni kosa. Dizeli hairuki upesi kama petroli, na injini yake ikiachwa imeze mafuta yote hadi izime, hewa huingia katika mabomba na pampu, na siku ya kuiwasha hapana budi fundi aje kuitoa hewa hiyo. Tangi la dizeli hulazwa likiwa limejaa, ili pasibaki nafasi ya hewa yenye unyevu. Maji yaliyokusanyika katika chujio la dizeli yamwagwe kabla ya kulaza na kabla ya kuamsha. Oili na betri hutunzwa kama nilivyokwisha kueleza.

Mahali pa kulaza

Mahali panapochaguliwa mara nyingi ni ghala la kahawa, kwa kuwa lina kufuli nzuri. Naomba tuache desturi hiyo. Kahawa huvuta harufu upesi, na mvuke wa petroli au oili ukiingia katika magunia hautoki. Mwonjaji ataukuta katika kikombe, na shehena nzima itakataliwa au kushushwa bei. Aidha, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni mpaka ukute cheche. Hata jenereta iliyotolewa mafuta hubaki na harufu kwa siku kadhaa.

Isiwekwe pia katika stoo ya pembejeo. Vumbi la mbolea za chumvichumvi huvuta unyevu na kula chuma na shaba. Tena mbolea zenye naitreti zikikutana na mafuta na moto huleta hatari kubwa kuliko moto wa kawaida.

Tafuteni chumba kidogo kilicho peke yake, kikavu, chenye madirisha ya kupitisha hewa na mlango wenye kufuli. Jenereta ikae juu ya mbao au matofali, isiguse sakafu ya saruji, na ikae sawa bila kuinama. Mdomo wa bomba la moshi uzibwe kwa wavu mwembamba wa chuma, kwa sababu nyigu hupenda kujenga humo kwa udongo, na panya huingia katika matundu ya kupozea, wakatengeneza viota na kutafuna waya. Funikeni kwa kitambaa cha turubai au gunia safi. Msitumie nailoni iliyobana, maana huzuia jasho la chuma lisitoke, na chini yake kutu humea kama uyoga.

Mwisho, fungeni kibao kwenye kamba ya kuwashia, kiandikwe kwa herufi kubwa: IMELAZWA. HAINA PETROLI. OILI MPYA IMETIWA, pamoja na tarehe. Bila kibao hicho, atatokea msamaria mwema mwezi wa nne, atatia lita mbili za petroli ili ajaribu, kisha ataiacha hivyo, na kazi yote itakuwa bure.

Kwa vyama visivyoweza kulaza

Viko vyama ambavyo haviwezi kuilaza jenereta, kwa kuwa ofisi huihitaji umeme unapokatika. Hivyo navyo vina njia yao. Jenereta iwashwe kila mwezi, kwa siku iliyopangwa, kwa muda wa dakika ishirini, ikiwa imebebeshwa mzigo wa taa au pasi, na petroli iwe mpya, isiyozidi mwezi mmoja. Mzigo huo huipa injini joto la kutosha kukausha unyevu, na huutunza usumaku mdogo unaobaki katika mtambo wa umeme. Jenereta nyingine zikikaa miezi mingi bila kuzunguka hupoteza usumaku huo. Injini hunguruma vizuri lakini umeme hautoki, mpaka fundi umeme airudishie. Basi chagueni moja kati ya njia mbili: kulaza kikamilifu, au kuiendesha kwa ratiba. Kuiacha na petroli nusu tangi na kuikumbuka siku ya shida si mojawapo ya njia hizo.

Na kila inapowashwa, iwe kwa majaribio au kwa kazi, iwe nje. Mvua isiwe sababu ya kuiwasha ndani ya stoo au varandani karibu na madirisha. Moshi wake una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na mtu huzimia kabla hajajua kwamba anadhurika. Mlango ulio wazi hautoshi kumwokoa.

Daftari

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nao hawakuwa wamekiona chama cha ushirika, chenye mali ya watu wote na isiyo ya mtu mmoja. Ushirika wa kahawa katika Kilimanjaro una historia ndefu. Chama cha wakulima wenyeji kilianzishwa mwaka 1925, na Chama Kikuu, KNCU, kikafuata mwaka 1933. Vyama vikuu vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika muda huo wote viongozi wameingia na kutoka, na wataendelea kuingia na kutoka. Kinachobaki kumweleza mgeni habari za mali ni kile kilichoandikwa.

Kwa hiyo kila jenereta iwe na daftari lake dogo. Ukurasa wa kwanza uandikwe namba ya mashine, nguvu yake, tarehe ya kununuliwa, aina na kiasi cha oili, na aina ya plagi. Kurasa zinazofuata ziwe na safu sita: tarehe, saa za kazi, lita za petroli, kazi iliyofanywa, jina la aliyeifanya, na sahihi. Saa za kazi zina maana yake, kwani oili hubadilishwa kwa saa: katika mashine nyingi ni baada ya saa 20 za mwanzo za mashine mpya, kisha kila saa 100 au kila miezi sita. Bila saa kuandikwa, oili hubadilishwa kwa kukisia.

Siku ya kulaza jenereta wawepo watu watatu: Katibu, mtunza ghala na mjumbe mmoja wa Bodi. Wote watatu watie sahihi kwamba petroli imetolewa lita kadha, oili imebadilishwa, bakuli la kabureta limemwagwa, na ufunguo uko kwa fulani. Msifanye hivyo kwa kumshuku mtu. Sahihi tatu humlinda mtunza ghala mwaminifu, ambaye mwezi wa saba ataulizwa mengi asipokuwa na karatasi ya kujibu.

Gharama nayo iingizwe katika makisio ya mwaka, ili Katibu asianze kubembeleza fedha msimu ukiwa umekwisha na sanduku likiwa tupu. Ni lita moja ya oili, plagi moja, pengine chujio, na ujira wa fundi wa nusu siku. Wekeni kiasi hicho kando ya bei ya kabureta mpya, au ya jenereta mpya, kisha mkutano mkuu uamue wenyewe upande wenye faida.

Kuiamsha

Jenereta iamshwe majuma mawili kabla ya kufungua mizani, ili kasoro ikionekana muda wa kuitengeneza uwepo. Ondoeni wavu na tazameni viota. Pimeni oili. Tieni petroli mpya kidogo, fungueni koki, na tazameni kama panavuja. Vuteni kamba mara chache swichi ikiwa imezimwa, kisha washeni kwa choki. Moshi wa buluu au mweupe utatoka kwa dakika chache. Hiyo ni ile oili mliyoiweka katika silinda inaungua, wala si ugonjwa. Moshi ukiisha, ibebesheni mzigo wa taa na pampu kwa nusu saa, na mpime volti kabla ya kuunganisha mizani ya kielektroniki au kompyuta. Yote yaandikwe.

Ndugu Makatibu, Ndugu wanachama, sikuja na habari ya ajabu. Nimekuja na kazi ya nusu siku, ambayo kijana yeyote mwangalifu wa chama aweza kuifanya mbele ya mashahidi watatu. Ombi langu ni hili: kabla ya kufunga vitabu vya msimu huu, kila Bodi ipange tarehe ya kulaza jenereta yake, tarehe hiyo iandikwe katika kumbukumbu za kikao, na Katibu ailetee ofisi ya Chama Kikuu nakala ya ukurasa wenye sahihi tatu. Chama kisicho na mtu aliyezoea kazi hii kituarifu mapema, ili fundi apangiwe siku ya kuja kuifanya pamoja na vijana wa chama hicho, nao waifanye wenyewe mwaka ujao.

Julai, mkulima wa kwanza atakapotua gunia lake jioni, na aikute taa inawaka juu ya mizani.